Bi Kigoda Anaondoka, Kigoda Kinabaki

Baada ya miaka thelathini na minane ya kuwaamrisha watu wazima wasukume, wasisukume, wanyamaze au wapige kelele, kutegemea hatua waliyofikia, mkunga wetu mkuu anastaafu rasmi Ijumaa hii, tarehe thelathini Juni. Hafla itafanyika katika ukumbi wa mikutano saa nane mchana. Atachelewa. Amechelewa katika kila kikao kilichowahi kuitishwa hospitalini hapa, na kila mara alikuwa na sababu ambayo hakuna mwenyekiti aliyethubutu kuipinga, kwa kuwa sababu yenyewe ilikuwa inalia ndani ya blanketi.

Katika karatasi za utumishi ana jina refu na la heshima, lakini ukiliita kwa sauti kwenye korido hatageuka mtu, yeye mwenyewe akiwemo. Sote tunamwita Bi Kigoda.

Kamati ya hafla ilihangaika kupata wa kuandika wasifu huu. Mganga Mkuu alisema hana muda. Mhasibu alisema hana maneno. Dereva wa gari la wagonjwa alisema maneno anayo mengi, ila hayachapiki. Ndipo kazi ikamwangukia mwandishi huyu, anayesimamia chumba cha kuchemshia vifaa, kwa sababu moja tu: ndiye mtu pekee katika hospitali nzima aliyewahi kumtukana Bi Kigoda mbele ya watu na bado ana kazi. Habari hiyo itakuja mahali pake.

Alipoajiriwa, akitoka moja kwa moja chuo cha uuguzi, alipangiwa wodi ya macho. Hakudumu. Wagonjwa walilalamika kwamba wao shida yao ni kuona, masikio yao ni mazima, na haikuwa lazima muuguzi apige kelele kiasi kile. Akahamishiwa leba, mahali ambapo kelele ni sehemu ya vifaa vya kazi, na hapo hapo akatulia kama mtu aliyerudishwa kwao.

Kigoda kilichompa jina ni kile cha mbao kinachokaa upande wa kichwa cha kitanda cha kuzalia. Kina miguu minne, na mmoja ni mfupi. Fundi seremala wetu amejitolea kuutengeneza mara nyingi na kila mara amefukuzwa, kwa sababu Bi Kigoda anashikilia kwamba anayekaa pale hapaswi kustarehe, sembuse kusinzia. Anayekaa pale ni mtu wa kutukanwa.

Utaratibu ni huu. Bi Kigoda aliona mapema katika kazi yake kwamba mwanamke mwenye uchungu anahitaji mtu wa kumtupia maneno, na asipompata, maneno yanabaki ndani na mwili unajifunga. Nadharia hiyo haimo katika kitabu chochote, na kila daktari aliyejaribu kuibishia aliombwa akae kigodani ajionee. Basi kila mzazi hupewa mtu wake. Mtu huyo hutoa mkono ubanwe, hupokea matusi yote, hajibu, hajitetei, na haruhusiwi kulia kabla ya mzazi. Kwa kawaida huwa ni dada, shangazi, au mume mwenye moyo mgumu kidogo. Bi Kigoda mwenyewe hatukanwi. Yeye, kama anavyopenda kusema, yuko upande wa kazi, kule mtoto anakotokea.

Mambo yalikwenda hivyo kwa raha zote mpaka vita vilipoingia mjini.

Kombora la kwanza lililotufikia lilichukua paa la wodi ya wazazi na kuacha saa ya ukutani ikiendelea kwenda. Bi Kigoda aliwahamisha wazazi wote kwenda ghala la chini ya ardhi, palipokuwa pakitupwa vitanda vilivyovunjika na mafaili ya zamani. Alishuka ngazi na mtungi wa dawa ya kuoshea mikono kichwani na kigoda kwapani, akiwatangulia wenye machela na kuwakemea kwamba wanatembea kama wamebeba mayai, kumbe wamebeba mtu anayetaka kufika. Kule chini kulikuwa na bomba la maji lililotoa jasho ukuta mzima, taa moja iliyowaka jenereta lilipojisikia, na harufu ya karatasi mbichi. Pembe ya kuzalia aliitenga kwa rafu za mafaili ya malalamiko ya wafanyakazi. Miaka mingi tulikuwa tukijiuliza mafaili yale yana kazi gani. Yalizuia sauti vizuri sana.

Shida kubwa ikawa watu wa kukaa kigodani. Barabara zilikuwa zimefungwa. Wanawake walifika peke yao, au na jirani, au wamepakiwa kwenye mkokoteni na watu ambao hata majina hawakuulizana. Mama zao walikuwa upande wa pili wa mji, na waume wao walikuwa kwenye mapigano, wengine upande huu na wengine ule. Bi Kigoda akatangaza kwamba kuanzia siku ile kila mfanyakazi asiye na jeraha mkononi ni ndugu wa mzazi.

Mhasibu ndiye aliyeng'ara. Mtu mpole, mwenye miwani, ambaye kabla ya vita hakuna aliyejua ana sauti gani. Alikaa kigodani, akaambiwa kwamba ana uso wa barua iliyorudishwa, kwamba aliyemzaa aliombe taifa radhi, na mengine ambayo jarida hili halina nafasi nayo. Yeye aliinamisha kichwa tu, na mwisho akasema asante. Habari zikaenea. Ikafika mahali wanawake wanashuka ngazi wakiuliza kama yule wa miwani yuko zamu.

Dereva wa gari la wagonjwa, kwa upande mwingine, alikuwa aibu tupu. Alijibu. Mzazi akimwambia ana masikio ya sufuria, naye anasema mbona ya mumeo hujayataja. Bi Kigoda alimwondoa kigodani kwa kumshika sikio lile lile lililokuwa linajadiliwa. Mganga Mkuu naye alikaa mara moja, akapata mzazi aliyekuwa mwalimu wa nidhamu shuleni. Wafanyakazi wote wasio na kazi wakaja kujipanga nyuma ya rafu kusikiliza, na kuna waliosema kwamba kwa mchana mmoja malalamiko yao ya miaka mingi yalifikishwa kwa ukamilifu.

Kulikuwa na sheria nyingine za ghala, zote zake. Wanawake waliolala kitanda kwa kitanda, waume zao wakiwindana juu kule, waliruhusiwa kulitukana jeshi lolote wanalolitaka, lakini si mume wa jirani. Redio iliruhusiwa kutangaza mpira tu, kwa kuwa taarifa ya habari ilikuwa ikisimamisha uchungu wa watu watatu kwa mpigo. Na yeyote aliyetaka kumpa mtoto jina la bunduki, la ushindi au la jemadari alitakiwa kwanza amweleze Bi Kigoda, ana kwa ana, mtoto amemkosea nini.

Ndani ya miezi ile akaletwa mwanamke ambaye hakutukana mtu.

Hapa kamati itanisamehe, nitaacha kujiita mwandishi. Mwanamke huyo nilikuwa mimi.

Nilifika mchana, nimeshikwa mkono na jirani aliyeniacha mlangoni akakimbia kurudi kwa watoto wake. Mume wangu alikuwa ameondoka na wapiganaji na sikuwa na habari zake. Mama yangu ndiye tuliyepanga angekaa nami siku ya kujifungua. Juma lile lile ukuta wa nyumba yetu ulimwangukia, na majirani walimzika uani kwa haraka, kabla makombora hayajaanza tena. Sikumwambia mtu pale hospitalini. Nilikuwa nimejishikilia kwenye wazo moja, kwamba nisipolitamka halijatokea.

Kwa hiyo sikutamka chochote. Uchungu ulikuja, ukaenda, ukaja, nami nikautazama ukuta. Niliambiwa nisukume, sikusukuma. Si kwamba nilikataa, nilikuwa tu sipo. Mhasibu aliletwa, akajitahidi mpaka nikamwonea huruma: alinisimulia jinsi alivyowahi kuwanyima likizo wajawazito, akinitazama kwa matumaini. Kimya. Dereva alisamehewa makosa yake na kuitwa, akaviponda viatu vyangu, ukoo wangu na mtaa niliotoka. Kimya. Mama mmoja aliyekuwa na uchungu wake mwenyewe nyuma ya pazia aliniona nina uchoyo wa maneno, akajitolea kuniazima matusi yake mawili matatu nianzie hapo.

Kisha nikasikia Mganga Mkuu akimwita Bi Kigoda nyuma ya rafu. Alinong'ona, lakini pale mwishoni mafaili yalikuwa membamba. Mapigo ya mtoto yalikuwa yanashuka. Daktari wa upasuaji alikuwa ng'ambo ya daraja, na daraja lilikuwa limefungwa. Nisiposukuma, alisema, watampoteza mmoja, na huenda wote wawili. Nilimsikia vizuri, nikamhurumia huyo mwanamke wanayemzungumzia.

Bi Kigoda alirudi. Alimwondoa Dereva kwa kidole kimoja, akavua glavu, akamwambia Mganga Mkuu ahamie upande wa kazi. Halafu akafanya jambo ambalo hakuna aliyewahi kuliona. Akakaa kigodani yeye mwenyewe. Kikamyumbisha kama kinavyowayumbisha wote.

Alianza na pua yangu. Akaja kwenye nywele. Akasema ameona magunia ya mchanga yenye bidii kuliko mimi. Sikumwangalia. Basi akachukua kitu cha mwisho alichokuwa nacho, kitu ambacho huko nyuma kilikuwa hakijawahi kumwangusha.

"Mama yako alikuzaa wewe bila maringo haya," akasema. "Angekuona hivi leo, angekuchapa kofi."

Hakujua. Hakuna aliyejua.

"Wewe si mama yangu!"

Hayo yalikuwa maneno yangu ya kwanza siku ile, na yalisikika mpaka juu kwenye ngazi, kwa mashahidi waliopo. Baada ya hapo sikunyamaza. Nilimwambia mama yangu yuko chini ya udongo, na kizee mchafu wa mdomo kama yeye asithubutu kumtaja. Nilimwambia viatu vyake vya kiume vinamfaa kwa sababu hakuna mwanamke angekubali kufanana naye. Nilimwambia ana sauti ya mlango usiopakwa mafuta, na kwamba kama kuna mtu aliyebuni uzazi basi ni yeye, kwa roho mbaya. Mama wa nyuma ya pazia aliacha kuugulia uchungu wake ili asipitwe. Nilimchukia Bi Kigoda. Silisemi hili kwa utani. Kwa dakika zile nilimchukia kuliko waliorusha kombora.

Katikati ya matusi yangu nikamwona ameelewa alichokifanya. Uso wake ulibadilika wote, na mkono wake, niliokuwa nimeubana mpaka kucha zimeingia, haukutoka. Hakusema pole. Hakujitetea. Hiyo ndiyo sheria ya kigoda, naye aliitii kuliko sote.

"Sawa," akasema. "Si mama yako. Sukuma."

Nikasukuma kwa kumkomoa. Nikasukuma ili nimalize nipate kuinuka nimpige. Binti yangu alitoka na hasira zile zile, akilia kabla hata hajamaliza kutoka, na Mganga Mkuu akampokea. Mpaka leo, katika kila hotuba, Mganga Mkuu anadai kwamba yeye ndiye aliyenizalisha. Ijumaa atasema tena. Tafadhali mpigieni makofi, ana umri mkubwa.

Baadaye, mtoto akiwa kifuani pangu, Bi Kigoda alikuja bila aproni, akakaa tena kigodani, safari hii bila kuitwa na kazi. "Nilikosea," akasema. "Sikujua, na sikuuliza. Pole, mwanangu." Nikalia kwa mara ya kwanza tangu ukuta uanguke. Aliniacha nilie mpaka basi. Kisha akaniuliza mama alikuwa mtu wa namna gani. Nikamwambia alikuwa na mdomo. Akasema hilo angelikisia hata akiwa usingizini. Akataka kujua kama alikuwa anakoroma, kama alipenda kuimba, kama alikuwa akizidisha chumvi. Tukakaa tukimzungumza mama yangu kama mtu anayefika hivi karibuni. Halafu akaniosha nywele kwa mgawo wake wa maji ya chai, na yeyote aliyewahi kuinywa chai ya Bi Kigoda atakubali kwamba maji yale hayajawahi kutumika vizuri zaidi.

Sikuwa na nyumba ya kurudi, kwa hiyo nikabaki ghalani. Alinipa sufuria, jiko la mafuta na rundo la mikasi, akaniambia chochote kinachoingia kwa mzazi kichemke kwanza. Mpaka leo ndicho ninachokifanya, ila sasa jiko ni la umeme. Mume wangu hakurudi. Siku nilipopata uhakika wa hilo, Bi Kigoda alikivuta kigoda karibu yangu akakaa, akiwa ameacha kikao cha idara, japo siku hiyo hapakuwa na wa kuzaa.

Kosa lile halikumwacha hivi hivi. Tangu siku ile, mzazi anayeingia kwetu, kabla hajaulizwa umri wala mimba ya ngapi, anaulizwa kwanza swali moja: "Hapa ndani tusimtaje nani?" Wakati wa vita majibu yalikuwa mazito, na watu wa kigodani waliyajua kabla ya kukaa. Siku hizi, kwa neema ya amani, mara nyingi jibu ni wifi. Wakunga vijana husema swali hilo huwaonyesha mengi kuliko kipimo cha presha. Bi Kigoda hujibu kwamba presha nayo wapime, asije akasikia vingine.

Vita vilipokwisha tulirudi juu, paa likajengwa, na hospitali ikapata jengo jipya la wazazi lenye vioo na mashine ambazo hulia zenyewe. Bi Kigoda alizizoea zote isipokuwa ile ya kutolea namba za foleni, ambayo aliichomoa. Amefundisha vizazi vya wakunga, ambao utawatambua popote kwa kuwa hawanong'oni. Amekaa kwenye semina zisizohesabika akifuma soksi za watoto, akisinzia kila mwezeshaji alipofungua ukurasa wa malengo. Alitunukiwa cheti cha utumishi uliotukuka, ambacho anafunikia sukari. Anaimba akiwa kazini, na hili lazima tuliseme wazi sasa kwa kuwa hatuna tena cha kupoteza: hajui kuimba. Kuna watoto waliowahi kuja duniani mapema kidogo ili wimbo ukome.

Sasa nije kwenye jambo langu mwenyewe. Binti yule aliyezaliwa kwa hasira ni fundi wa umeme, ana mdomo wa bibi yake, na anatarajia kujifungua mwezi ujao. Tarehe ya kustaafu kwa Bi Kigoda ilipobandikwa ubaoni, nilikwenda ofisi ya utumishi kuomba isogezwe mbele. Walinicheka, tena kwa adabu. Nilirudi chumbani kwangu nikachemsha vifaa ambavyo vilikuwa vimeshachemshwa. Niliogopa, ndiyo hali halisi. Mume wa binti yangu ni kijana mwema, lakini akiona sindano analala. Mimi sifai kigodani. Bi Kigoda ameshanipima akasema nitalia kabla ya mzazi, na hakukosea.

Habari za safari yangu ya utumishi zikamfikia. Alikuja mlangoni kwangu, akasimama kiuno ameshika, akaniambia kwamba upande wa kazi sasa una wakunga aliowafundisha mwenyewe, wenye macho makali na magoti mapya, na mtu akisema hawatoshi anamtukana yeye. Kisha akasema kuhusu kigoda nisihangaike. Amekaa upande wa kazi maisha yake yote, ukiacha siku yangu, amesikia watu wakitukanwa kwa lugha tamu, na anaona wivu. Zamu hii ni yake. Binti yangu alipoambiwa alicheka, halafu akaanza mazoezi. Baadhi ya aliyoyaandaa ameyajaribisha kwa fundi mwenzake, na fundi huyo ameomba kuhamishwa.

Bi Kigoda, kwa niaba ya wote uliowapokea na wote uliowakalisha pabaya, asante. Tunakutakia pumziko lenye furaha, magoti yenye huruma, chai iliyopikwa na mtu mwingine, na majirani wastahimilivu wa nyimbo. Kigoda hatutakitengeneza mguu.

Limebaki jambo moja la utaratibu. Kuanzia Jumatatu wewe si mfanyakazi tena, na mlinzi wetu wa getini hana mchezo: asiye mfanyakazi hapiti mpaka aeleze yeye ni nani wa mgonjwa. Nimeshamwendea. Nimemwambia akija mwanamke mwenye viatu vya kiume na sauti ya mlango usiopakwa mafuta, asimwulize chochote, amfungulie tu. Huyo ni mama yangu.